Umilikaji na hali timilifu katika Kinepali

Umilikaji na hali timilifu katika Kinepali ni sehemu mbili za sarufi ya lugha ya Kinepali zinazoeleza nani ana nini na nani amefanya nini. Kinepali hakina kitenzi kimoja cha kusema "kuwa na kitu", na mtu aliyekwisha kutenda jambo hatajwi kwa umbo lilelile analotajwa nalo anapolitenda sasa. Katika mambo yote mawili kazi kubwa hufanywa na viambishi vifupi vinavyobandikwa mwishoni mwa jina la mtu: -ko (को), -sãga (सँग), -lāī (लाई) na -le (ले). Anayevichanganya bado ataeleweka sokoni, lakini anaweza kujikuta anasema kwamba kaka yake yumo mfukoni, au anadai kuwa aliona kwa macho jambo alilolikisia tu.

Lugha na maandishi yake

Kinepali ni lugha ya jamii ya Kihindi-Kiulaya, tawi la Kihindi-Kiarya, na ni ndugu wa Kihindi na Kibengali. Ni lugha rasmi ya Nepal. Katika sensa ya mwaka 2021 karibu asilimia 45 ya wakazi walikitaja kuwa lugha yao ya kwanza, na wengine wengi hukitumia kama lugha ya pili. Nchini India kinasemwa hasa Sikkim na Darjeeling, na tangu 1992 kimo katika Jedwali la Nane la katiba ya India. Zamani kiliitwa Khas Kura au Gorkhali. Sarufi yake iliandikwa mapema na J. A. Ayton (Kolkata, 1820), na kamusi kubwa ya asili za maneno yake ilitolewa na Ralph Turner mwaka 1931. Wanepali wengi hufanya kazi katika nchi za Ghuba, ambako hukutana na Wakenya na Waganda katika kazi zilezile. Baadhi ya mifano hapa chini imechukuliwa kutoka mazingira hayo.

Kinepali huandikwa kwa Devanagari. Katika makala hii maneno yameandikwa kwa herufi za Kilatini. Mstari juu ya vokali (ā, ī, ū) unaonyesha vokali ndefu ya maandishi, na alama ya mawimbi (ã, ẽ, ĩ, ũ) inaonyesha sauti inayopitia puani. Herufi h baada ya konsonanti ni pumzi: chha hutamkwa kwa pumzi zaidi kuliko cha. Alama ya puani si pambo. Umbo garẽ ni "nilifanya", lakini gare bila alama ni "walifanya".

Kiambishi -ko na a-unganifu

Njia ya kawaida ya kuunganisha mwenye mali na mali yake ni kiambishi -ko. Mwenye mali hutangulia, mali hufuata:

Rāmko kitāb – kitabu cha Ram
Rāmkā kitābharū – vitabu vya Ram
Sītākī chhorī – binti wa Sita

Msomaji wa Kiswahili ataona kitu anachokifahamu. Kama vile a-unganifu ya Kiswahili hubadilika kufuata kinachomilikiwa (kitabu cha, vitabu vya, binti wa), ndivyo -ko inavyofuata kinachomilikiwa, si mmiliki. Ila Kinepali hakina ngeli nyingi: -ko ni kwa umoja, -kā ni kwa wingi, na -kī ni kwa umoja wa kike. Mpangilio nao umegeuzwa. Kwa Kiswahili tunaanza na kitabu na kumalizia na Ram, kwa Kinepali Ram ndiye wa kwanza. Mnyororo mrefu huonyesha jambo hili vizuri zaidi: Rāmko bhāiko sāthīko ghar ni "nyumba ya rafiki wa mdogo wake Ram", na maneno yote yamepangwa kinyume kabisa cha Kiswahili.

Umbo -kā lina kazi ya pili, nayo ni heshima. Katika maandishi ya rasmi baba wa Ram ni Rāmkā bubā, ingawa baba ni mmoja, kwa sababu mtu wa kuheshimiwa hutajwa kwa umbo la wingi. Katika mazungumzo ya kila siku watu wengi hutumia -ko mahali pote, kwa wingi na kwa wanawake pia, na hakuna anayeshtuka. Anayeandika barua ya maombi au mtihani ndiye anayepaswa kuwa makini.

Kiambishi hufuata alama ya wingi -harū, hakiitangulii: keṭāharūko ghar, "nyumba ya wavulana".

Viwakilishi vya umiliki

Viwakilishi vya nafsi ya kwanza na ya pili vina maumbo yake: mero (-angu), hāmro (-etu), tero (-ako, kwa mtu wa chini sana au wa karibu sana) na timro (-ako, kwa rafiki au mdogo). Vyote hubadilika kama -ko: mero, merā, merī. Vilivyobaki hutumia -ko yenyewe: tapāĩko (-ako, kwa heshima), usko (-ake), uhā̃ko (-ake, kwa heshima) na unīharūko (-ao). Swali ni kasko, "ya nani".

Kuchagua kati ya tero, timro na tapāĩko si suala la sarufi pekee. Kumwambia mzee usiyemjua tero ghar ni tusi, hata kama kila herufi ni sahihi. Anayejifunza hatakosea akianza na tapāĩko kwa kila mtu mzima.

Neno linalostahili kukaliwa zaidi ni āphno (आफ्नो), "-ake mwenyewe, -angu mwenyewe", linalorejea kwa mtenda wa sentensi bila kujali nafsi. Kiswahili kikisema "Ram alimwita mdogo wake", hatujui kama ni mdogo wa Ram au wa mtu mwingine aliyetajwa kabla. Kinepali kinalazimisha uamuzi:

Rāmle āphno bhāilāī bolāyo – Ram alimwita mdogo wake (wa Ram mwenyewe)
Rāmle usko bhāilāī bolāyo – Ram alimwita mdogo wake (wa mtu mwingine)

Kwa nafsi ya kwanza pia husemwa ma āphno kām garchhu, "nafanya kazi yangu", ambapo Mswahili angetarajia mero. Usemi āphno mānchhe, yaani "mtu wako mwenyewe", umekuwa na maana ya kijamii: ni jamaa au mtu wa karibu anayekufungulia milango ya ofisi. Mwanaanthropolojia Dor Bahadur Bista aliuchambua mtandao huo wa kupeana nafasi katika kitabu chake cha 1991 kuhusu maendeleo ya Nepal.

Lugha isiyo na "kuwa na"

Kiswahili husema nina ndugu wawili, nina pesa, nina homa, nina nafasi. Ni "ni-na" moja kwa yote, na kwa asili yake maana ni "niko pamoja na". Kinepali hutumia kitenzi chha (छ), "ipo, yupo", na mali ndiyo kiima chake. Anayemiliki hupewa kiambishi, na hapo ndipo ilipo kazi, kwa sababu viko vitatu.

Cha kwanza ni -ko, kwa watu wa ukoo, viungo vya mwili na mali ya kudumu:

Merā duī janā dāju chhan – nina kaka wawili
Usko ṭhūlo ghar chha – ana nyumba kubwa

Katika sentensi ya kwanza chhan ni wingi wa chha, kwa kuwa wanaosemwa kuwa wapo ni kaka wawili. Neno janā huhesabu watu, na kwa vitu husemwa euṭā (kimoja), duiṭā (viwili). Dāju ni kaka mkubwa tu. Mdogo wa kiume ni bhāi, dada mkubwa ni didī, mdogo wa kike ni bahinī.

Cha pili ni -sãga, "pamoja na", kwa kitu kilicho mkononi, mfukoni au karibu kwa sasa:

Masãga paisā chha – nina hela (hapa nilipo)
Rāmsãga kalam chhaina – Ram hana kalamu

Hapa ndipo mwanafunzi anayefikiri kwa "nina" hujikwaa. Masãga duī janā dāju chhan haisemi kwamba una kaka wawili, inasema kwamba kaka wawili wako nawe hapa, kama mtu anayetaja alioandamana nao. Na tofauti kati ya -ko na -sãga inaweza kuwa nzito kuliko mzaha wa darasani. Sentensi Mero pāsporṭ masãga chhaina ina viambishi vyote viwili: pasipoti ni yangu, lakini haiko nami. Mfanyakazi ambaye pasipoti yake imewekwa kabatini na mwajiri ana haja na sentensi hiyo kama ilivyo. Akisema masãga pāsporṭ chhaina pekee, anayemsikiliza anaweza kudhani hana pasipoti kabisa.

Cha tatu ni -lāī, kiambishi ambacho kwa kawaida huonyesha mtendewa au mpokeaji. Hutumika pale ambapo hali imemjia mtu bila yeye kuitafuta:

Malāī rughā lāgyo – nina mafua
Malāī jvaro āyo – nina homa
Malāī phursad chhaina – sina nafasi
Malāī thāhā chha – najua

Kwa tafsiri ya neno kwa neno, mafua "yamenishika" na homa "imenijia". Hapa Kiswahili hakiko mbali, maana sisi pia husema njaa inaniuma, na usingizi umenishika.

Vitenzi ho na chha havibadilishani nafasi. Chha husema kitu kipo, ho (हो) husema kitu ni nini au ni cha nani. Yo kitāb mero ho ni "kitabu hiki ni changu". Ukanushi wake ni hoina, na wa chha ni chhaina. Kwa wakati uliopita vyote viwili huungana katika thiyo: masãga paisā thiyo, "nilikuwa na hela", masãga paisā thiena, "sikuwa na hela".

Kiambishi -le na mtenda wa jambo lililokamilika

Linganisha:

Ma bhāt khānchhu – nakula wali
Maile bhāt khāẽ – nilikula wali
Ma bajār gaẽ – nilikwenda sokoni

Katika sentensi ya pili ma (mimi) imekuwa maile. Kitenzi ni elekezi, yaani kina kitu kinacholiwa, na kitendo kimekamilika. Masharti hayo mawili yakikutana, mtenda huchukua -le. Katika sentensi ya tatu kitendo kimekamilika, ila "kwenda" hakina mtendwa, basi ma inabaki ma. Wanaisimu huita mfumo wa namna hii ergativu.

Viwakilishi kadhaa hubadili shina mbele ya -le, na mabadiliko ni yaleyale yaliyoonekana mbele ya -ko: u (yeye) huwa usle na usko, yo (huyu, hii) huwa yasle na yasko, ko (nani) huwa kasle na kasko. Anayejua upande mmoja ameshajua wa pili.

Asili ya jambo hili hufafanuliwa kwa historia. Wakati uliopita wa lugha nyingi za kaskazini mwa India umetokana na kitenzi-jina cha kutendwa cha Kisanskriti. Badala ya "Ram alisoma kitabu", muundo wa kale ulikuwa wa aina ya "kitabu kimesomwa na Ram", na mtenda alihitaji alama kama "na" yetu. Kihindi bado kinaonyesha athari ya muundo huo, kwani kitenzi chake katika sentensi kama hizi hufuata kinachotendwa: mkate ukiwa wa kike, kitenzi huwa cha kike hata kama aliyekula ni mwanamume. Kinepali kimeiacha tabia hiyo. Kimebakiza alama ya mtenda, lakini kitenzi humfuata mtenda mwenyewe:

Rāmle roṭī khāyo – Ram alikula mkate
Sītāle roṭī khāī – Sita alikula mkate

Kwa mzungumzaji wa Kiswahili, ambaye amezoea kiambishi cha kiima kwenye kila kitenzi, hili ni afueni.

Kiambishi -le kina kazi nyingine pia. Huonyesha kifaa (kalamle lekhẽ, "niliandika kwa kalamu") na sababu (bhokle, "kwa njaa"). Vilevile huonekana katika wakati usio uliopita, hasa mzungumzaji anapotaka kusisitiza ni nani hasa atendaye au kueleza sifa ya kudumu ya mtu. Kwa sababu hiyo, kanuni ya "-le ni ya wakati uliopita tu" inayopatikana katika vitabu vidogo vya watalii inafaa kwa wiki ya kwanza na si zaidi.

Wakati uliopita sahili

Kitenzi garnu (kufanya) huenda hivi:

maile garẽ – nilifanya
taĩle garis – ulifanya (bila heshima)
timīle garyau – ulifanya (kwa rafiki)
tapāĩle garnubhayo – ulifanya (kwa heshima)
usle garyo – alifanya
hāmīle garyaũ – tulifanya
unīharūle gare – walifanya

Kitenzi jānu (kwenda) hutumia shina lingine: gaẽ, gais, gayau, gayo, gayaũ, gae. Ukanushi huingiza na: garinã (sikufanya), garena (hakufanya), gaena (hakwenda).

Umbo la heshima limejengwa tofauti na mengine. Ni kitenzi-jina (garnu, khānu, jānu) pamoja na bhayo, "ilitokea, ikawa". Kwa hiyo tapāĩle khānubhayo ni kama kusema "kula kwenu kulitokea". Juu yake kulikuwa na ngazi nyingine iliyotumiwa kwa wafalme na jamaa zao, kwa kitenzi baksanu: garibaksiyo. Ufalme ulifutwa mwaka 2008.

Swali Khānā khānubhayo?, "mmekula?", ni salamu ya kawaida kama habari za mchana. Si lazima anayeuliza awe na chakula.

Umbo la wakati uliopita hutumika pia kwa hali iliyopo sasa, ikiwa hali hiyo imeanzishwa na badiliko lililokwisha kutokea. Malāī bhok lāgyo ina kitenzi cha wakati uliopita, lakini njaa ipo sasa hivi. Vivyo hivyo ma thākẽ ni "nimechoka" na bujhẽ ni "nimeelewa". Kiswahili hufanya vivyo hivyo kwa -me-: aliyechoka hasemi "nachoka". Mezani, bhayo ikirudiwa mara mbili huku mkono ukifunika sahani maana yake ni "inatosha". Mgeni anapaswa kuijua mapema, kwa kuwa wenyeji huongeza wali bila kuuliza.

Hali timilifu ya -eko chha

Pale Kiswahili kinapotumia -me-, Kinepali mara nyingi hutumia umbo la -eko pamoja na kitenzi chha kinachofuata nafsi:

Ma Nepāl gaeko chhu – nimewahi kwenda Nepal
Usle kām gareko chha – amefanya kazi

Kanuni ya -le inaendelea kama kawaida: usle kwa kitenzi elekezi, ma kwa kisicho elekezi. Ukanushi, gareko chhaina, hukaribiana sana na -ja- ya Kiswahili: maile khāeko chhainã ni "sijala". Mfano mmoja unaokusanya karibu kila kitu kilichoelezwa mpaka sasa ni huu:

Maile tīn mahināko talab pāeko chhainã – sijapata mshahara wa miezi mitatu

Ndani yake -le inamtaja anayepaswa kupokea, -ko inaufunga mshahara na miezi yake, na -eko chhainã inasema kwamba malipo hayajafanyika hadi sasa. Ikiwa mtu atasema pāinã badala ya pāeko chhainã, anasema "sikupata", jambo ambalo linaweza kusikika kama habari iliyokwisha. Umbo la -eko chhainã huiacha deni wazi.

Kwa kuweka thiyo mahali pa chha hupatikana utimilifu wa zamani: gareko thiẽ, "nilikuwa nimefanya". Katika mazungumzo umbo hili hutumika kwa upana kuliko Kiswahili, hata kwa jambo la kawaida la jana: hijo ma bajār gaeko thiẽ, "jana nilikwenda sokoni". Katika mazungumzo ya haraka pia chha huachwa kabisa, na swali kahile āeko? linatosha kwa "umekuja lini?"

Kumaliza: saknu

Kiswahili kilichukua kitenzi kwisha na kukifanya kiambishi: nimekwisha kula, nimeshakula. Kinepali kimefanya karibu jambo hilohilo kwa kitenzi saknu, "kumaliza, kuweza", kinachobandikwa kwenye shina lenye -i:

Maile khāisakẽ – nimeshakula
U gaisakyo – ameshakwenda

Tahadhari ni moja. Saknu hiyohiyo ikifuata umbo la -na humaanisha uwezo: khāna sakchhu ni "naweza kula". Kiambishi kimoja, -i au -na, kinatenganisha aliyeshiba na anayetamani.

Kumbe: -echha

Sehemu hii ndiyo inayokitofautisha Kinepali zaidi, na ndiyo ambayo wanafunzi huipita haraka kuliko inavyostahili. Mbali na garyo (alifanya) na gareko chha (amefanya), lipo garechha (गरेछ). Hueleza kwamba kitendo kimekamilika, lakini mzungumzaji hakukishuhudia. Amekigundua baadaye kwa dalili, au kimemshangaza. Kiswahili hakina kiambishi cha kazi hiyo, lakini kina neno kumbe:

Rāti pānī paryo – usiku mvua ilinyesha
Rāti pānī parechha – kumbe usiku mvua ilinyesha

Sentensi ya kwanza inaweza kusemwa na aliyekuwa macho akisikiliza bati. Ya pili ni ya aliyefungua mlango asubuhi na kukuta uwanja umelowa. (Pānī ni maji, na mvua ni "maji yanayoanguka".) Ukanushi ni parenachha, "kumbe haikunyesha".

Fikiria sasa mtu aliyekuta sanduku lake limefunguliwa. Kasaile mero paisā chorechha, "kumbe kuna mtu ameiba hela zangu", inatoa habari ya alichokikuta, bila kudai kwamba alimwona mwizi. Kusema usle choryo, "yeye ameiba", ni kusimama kama shahidi. Mbele ya wazee wa mtaa au polisi, tofauti hiyo ina uzito.

Umbo hili hutumika hata kwa nafsi ya kwanza, jambo linaloonekana la ajabu mwanzoni, kwani nani asiyeshuhudia matendo yake mwenyewe? Jibu ni mtu aliyesahau: Maile chhātā birsechhu, "kumbe nimesahau mwavuli". Kitendo ni changu, kugundua kumekuja baadaye.

Kwa kitenzi "kuwa" hutumika rahechha, na ukanushi wake ni rahenachha. Hivyo umilikaji wenyewe unaweza kugunduliwa. Mtu anayefika kwa muuza duka, akatia mkono mfukoni na kukuta patupu, hatasema masãga paisā chhaina kana kwamba alijua tangu nyumbani. Atasema:

Masãga paisā rahenachha – kumbe sina hela

Wanaisimu kadhaa wamehusisha umbo hili na jirani za Kinepali za jamii ya Kitibeti-Kiburma, kama Kinewari cha Bonde la Kathmandu, ambazo nazo hutofautisha kilichoshuhudiwa na kisichoshuhudiwa katika vitenzi vyao.

Umbo la -eko kama kivumishi

Umbo -eko haliishii kwenye hali timilifu. Likiwekwa mbele ya nomino hufanya kazi ambayo Kiswahili hufanya kwa urejeshi:

maile kineko kitāb – kitabu nilichonunua
hijo āeko mānchhe – mtu aliyekuja jana
gaeko barṣa – mwaka uliopita (uliokwenda)

Mtenda ndani ya kishazi hicho bado huchukua -le, na -eko hubadilika kuwa -ekā na -ekī kwa kanuni ileile ya -ko, -kā, -kī: aekā mānchheharū hayasemwi, ni āekā mānchheharū, "watu waliokuja", kwa vokali ndefu ya mwanzo. Aidha -eko huweza kubeba viambishi kama nomino nyingine yoyote. Ikiongezewa -le ya sababu huwa -ekole, "kwa kuwa":

Pānī parekole ma āinã – sikuja kwa kuwa mvua ilinyesha

Hapa -le haina uhusiano na ma, ambayo imebaki bila alama kwa sababu kuja si kitenzi elekezi. Anayesoma Kinepali kwa mara ya kwanza hufaidika akiuliza kila anapoiona -le kama imebandikwa kwenye mtu, kwenye chombo au kwenye tukio zima.